Gauni la Laini Nzima

"Chukua gauni lako. Mimi sishoni."

Redio alilisukuma furushi jeupe juu ya meza ya chai, likateleza mpaka mapajani mwa Umeme. Kikombe kilipinduka. Hakuna aliyefuta.

Umeme akacheka. Alidhani ni mzaha, maana Redio hakupewa jina hilo bure. Kiwanda kizima cha mashati kilisikia habari kwake kabla hazijatokea.

"Dada, acha utani. Bega la kushoto liko wazi. Unataka niolewe huku upepo unanipuliza?"

"Olewa hata na upepo wenyewe. Mimi mikono siungi. Huyu hatii vifungo. Yule pale hapigi pindo. Waulize kama nasema uongo."

Umeme akawatazama wenzake mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa aliinamia kikombe chake kama mtu aliyeona nzi ndani ya chai.

Kiwandani pale kulikuwa na desturi ambayo ofisi haikuijua wala haikuiuliza. Msichana wa laini, ile safu ya mashine za kushonea, akichumbiwa, gauni lake halinunuliwi dukani. Linakatwa, na vipande vinapita mkono kwa mkono saa ya chai, kama shati linavyopita kazini: huyu anaunga mabega, yule mikono, mwingine vifungo, mpaka laini nzima iwe imelishona. Bibi harusi mwenyewe haruhusiwi kugusa sindano. Gauni likikamilika ndipo harusi inatangazwa. Kumnyima mwenzako gauni lilikuwa jambo ambalo hata wazee wa pale hawakuwahi kuliona.

"Nimewakosea nini jamani?"

"Anauliza!" Redio alipiga kofi. "Tangazo la mlangoni hujalisoma?"

Alikuwa amelisoma. Kila mtu alikuwa amelisoma. Mwaka huo chama cha wafanyakazi kilivutana na ofisi mpaka sauti zikakauka, na hatimaye nyongeza ya mshahara ikakubaliwa kwa wote. Wanawake waliimba getini, wakakumbatiana na walinzi. Furaha yenyewe haikukaa. Asubuhi hiyo karatasi ilibandikwa mlangoni ikisema nyongeza atapewa yule tu atakayefikia kipimo kipya cha kazi, na kwa kipimo hicho hata mwenye mikono minne angetokwa jasho.

"Meneja kasema kipimo hakikushuka kutoka mbinguni," Redio aliendelea. "Kasema kuna mwenzetu, humu humu, kakifikia. Tena huku anacheka. Sasa niambie wewe, nani humu anashona kola anacheka?"

Hilo halikuhitaji jibu. Jina Umeme lilitokana na ile mikono. Akishika kola, ncha inageuka kabla jicho halijaiona.

"Mimi sijapimwa na mtu! Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

"Kaburi liache lipumzike."

Aliyesema hivyo alikuwa Shangazi, mwishoni mwa benchi. Laini yote ilimwita Shangazi, lakini kwa Umeme alikuwa shangazi wa damu, dada wa baba, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Pia ndiye aliyekuwa mwakilishi wa chama. Aliinuka polepole, akaviminya vidole vyake vilivyovimba kwenye maungio.

"Kengele imelia. Turudini kazini."

Umeme akarudi mashineni, furushi lake kwapani. Alikanyaga pedali, sindano ikaanza kuruka, na katikati ya kola ya kwanza mikono ikasimama yenyewe.

Alikumbuka.

*

Ilikuwa siku ya mapumziko. Ujumbe uliingia kwenye simu yake akiwa anafua:

“Umeme wangu, nimeitengeneza mashine yako. Njoo uijaribu kabla ya kesho. Nina soda mbili na sina mtu wa kunywa naye.”

Spana alikuwa mchumba wake, na wakati huo alikuwa fundi wa mashine, mikono mafuta, ovaroli imefifia magotini. Umeme alikwenda mbio. Ukumbi ulikuwa mtupu, mashine zimefunikwa kama watu waliolala. Spana alikuwa ameegemeza simu yake kwenye koni ya uzi.

"Unanipiga picha?"

"Nakuhifadhi. Haya, nione leo kama wewe ni umeme kweli au ni betri."

"Betri utaiona wewe ukiishiwa chaji!"

Akashona. Loo, siku ile alishona! Spana alikaa ubavuni pake, akawa anamfungulia vifurushi, anampangia vipande, anamwekea kila kimoja kiganjani, anakata nyuzi, anabadilisha bobini ya uzi wa chini kabla haijaisha. Umeme hakuinuka hata mara moja. Alikuwa anacheka, na kila alipocheka mashine ilikwenda kasi zaidi, kwa sababu msichana anayependwa hushonea macho yanayomtazama.

Muda mfupi baadaye Spana alivuliwa ovaroli akavishwa shati jeupe. Mpimaji wa kazi. "Ni juhudi zangu, mpenzi," alimwambia, na Umeme akampikia chai ya maziwa kumpongeza.

Sasa akaichukua simu, akainama chini ya mashine kama anayetafuta bobini iliyoanguka.

"Haloo, mpenzi—"

"Siku ile ulikuwa unanipiga picha au unanipima?"

Alisikia mlango wa ofisi ukifungwa taratibu.

"Umeme, tuongee jioni."

"Nijibu sasa."

"Jioni, tafadhali. Njoo nyumbani."

Spana akakata simu. Na kukata huko ndiko kulikuwa jibu.

*

Chumba cha Spana kilikuwa kimoja, na kitanda kilichukua karibu chote. Ukutani, kwenye msumari, zilining'inia funguo mpya ambazo Umeme alikuwa hajaziona.

"Za nini hizi?"

"Nilitaka iwe zawadi. Nyumba ya vyumba viwili, ina bomba ndani. Nimeshaongea na mwenye nyumba." Spana alijaribu kutabasamu. "Sikutaka tuanze maisha kwenye chumba ambacho kitanda kinagombana na jiko."

"Ulinipima?"

Akaketi kitandani. Shati jeupe lilimkaa vizuri, na hilo lilimuuma Umeme zaidi.

"Meneja aliniuliza mashine mpya inaweza kufika wapi. Nikamwambia nitaijaribu. Sikujua ataifanya kuwa sheria, haki ya Mungu sikujua."

"Na ulipojua?"

Spana aliangalia viatu vyake.

"Nakuuliza, ulipojua?"

"Nilipojua, cheo nilikuwa nimeshapewa."

Umeme hakukaa. Kukaa kwenye kitanda kile kungekuwa kama kukubali.

"Ulinifungulia vifurushi, Spana. Ulinikatia nyuzi. Nani kwenye laini ana mtu wa kumkatia nyuzi? Redio ana mtu? Shangazi ana mtu? Yule mama wa pindo, mwenye mtoto mgonjwa, ana mtu?"

"Shangazi amebakiza kidogo astaafu."

"Kwa hiyo?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha hivyo hivyo. Ulipokuwa na ovaroli ulikuwa unamshika mkono kumvusha barabara. Shati jeupe limekupa macho mengine?"

Spana akasimama, akamshika mabega. Mikono yake haikunuka mafuta tena, ilinuka sabuni.

"Nisikilize. Chama kimeomba kikao na ofisi. Watakuita. Mimi nakuomba neno moja tu: sema ulishona. Si uongo, Umeme. Ulishona kweli."

"Na vifurushi?"

"Hawatauliza vifurushi. Ukiviongeza wewe mwenyewe, mimi nafukuzwa. Cheo kitakwenda, spana itakwenda. Utaolewa na nani, na mlinda funguo za nyumba ya watu?" Sauti yake ilikatika. "Nyongeza wewe utaipata. Wewe kipimo unakifikia hata bila mimi, au karibu. Ningekuwa nimekuibia ningeelewa. Wewe sijakuibia."

"Umeniibia. Umeichukua mikono yangu ukaenda kuwapigia wenzangu."

Aliivua pete. Hakumtupia usoni, kama wanavyofanya watu wanaotaka kutazamwa. Dirishani kulikuwa na kopo la nati na bolti za siku za ufundi; akaitumbukiza humo, ikazama kwa mlio mdogo, akatoka.

*

Nyumbani, Shangazi alikuwa ameloweka vidole kwenye bakuli la maji ya chumvi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona macho yako yamevimba kuliko vidole vyangu?"

Umeme aliketi mkekani, kichwa akakiweka kwenye goti la mlezi wake. Alikaa hivyo mpaka maji ya bakuli yakapoa.

"Sitakuuliza ulifanya nini siku ya mapumziko," Shangazi alisema.

"Kumbe unajua?"

"Jioni kabla ya mapumziko nilifagia laini mwenyewe. Tuliporudi, chini ya mashine yako palikuwa na nyuzi kama manyoya ya kuku. Na upande wa pili wa kiti palikuwa na nyingine. Mtu mmoja hakati nyuzi pande zote mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mapenzi yana harufu yake; nikadhani ni mapenzi tu."

Shangazi akatoa mkono majini, akaufuta kwa kanga, akaanza kumpapasa nywele kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

"Mama yako alikuwa na mkono kama huu wako. Wakati huo hapakuwa na chama. Mwenye kasi alipewa kazi ya wawili na kusifiwa kwa mmoja. Naye sifa alizipenda, Mungu amrehemu, kama unavyozipenda wewe. Alipokuzaa, ofisi ikatuma mtu: arudi, laini imelala bila yeye. Hakukuwa na likizo ya uzazi. Alirudi damu haijakauka. Nilikuwa nakuleta getini unyonye, na yeye ananyonyesha huku anachungulia mlango kama mwizi. Homa ilimpata mashineni."

Umeme alijua mama yake alikufa kwa homa. Ya geti hakuwahi kuambiwa.

"Tulipomzika, tukasema basi. Lakini kukusanyika tulikatazwa. Wawili wakisimama pamoja, msimamizi anakuja. Basi kukatokea msichana anaolewa. Tukaomba ruhusa tumshonee gauni saa ya chai. Nani atawakataza wanawake kushona gauni? Tukawa tunapitisha vipande huku tunapitisha maneno. Gauni lile lilichukua muda mrefu kuliko gauni lolote duniani." Shangazi akacheka kidogo, kwa pua. "Lilipokamilika, chama kilikuwa kimezaliwa. Likizo ya uzazi ilitoka humo. Mshahara wa siku ya ugonjwa ulitoka humo. Ada yako ya shule, mama, ilitoka humo humo. Ndiyo maana bibi harusi hagusi sindano. Si mkosi kama wanavyosema vijana. Ni kwamba gauni ni la laini nzima."

"Na leo wamenikatalia."

"Wamekosea, na nitawaambia. Chama si fimbo ya kumchapia mwenzenu."

"Shangazi, nikisema yote, anafukuzwa. Nisiposema, wewe na wenzangu mnakosa haki yenu. Nifanye nini?"

Shangazi akaurudisha mkono kwenye bakuli.

"Mimi ni mwakilishi wa laini, na mimi ndiye niliyekulea. Mmoja wetu anataka useme, na mwingine anakuogopea. Usitusikilize wote wawili."

Simu ikawaka mkekani.

“Nakupenda. Fikiria nyumba yetu.”

Umeme aliandika, akafuta, akaandika tena:

“Nyumba hiyo kila tofali lina kidole cha mtu.”



*

Ofisini kulikuwa na feni na viti vya kuzunguka. Siku ya kikao Meneja aliwakaribisha Shangazi na Umeme kwa adabu, akaagiza maji. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na sauti ya chini ni hatari zaidi, kwa sababu humfanya anayepiga kelele aonekane mjinga. Spana alisimama karibu na dirisha, kalamu mfukoni, kope zimevimba.

"Mkataba wetu unasema kipimo kitatokana na mfanyakazi wa kawaida, katika hali ya kawaida ya kazi," Shangazi alianza.

"Na huyu binti si mfanyakazi wa kawaida?" Meneja akamwelekezea Umeme kidole. "Anakula nini cha ajabu?"

"Mkono wake si wa kawaida. Tunajua sote."

"Kwa hiyo mnataka nimlipe goigoi sawasawa na hodari. Hiyo ndiyo haki ya chama?"

"Tunataka uwalipe wote nyongeza uliyoisaini kwa wote."

Meneja akageuza kiti, akamtazama Umeme kama baba.

"Binti, nikuulize. Mungu amekupa kipaji. Chama kinataka utembee mwendo wa wagonjwa. Ukijitenga nao, nyongeza ni yako, na kesho kutwa usimamizi ni wako. Kwa nini ujifungie mawe miguuni?"

Yalikuwa maneno matamu, na Umeme hakujidanganya kwamba hayakumgusa. Aliyaona yale maisha: vyumba viwili, bomba ndani, Spana akirudi jioni bila grisi kwenye kucha. Kisha akaona geti, na mwanamke anayenyonyesha huku anachungulia mlango.

"Mama yangu alikuwa hodari pia," alisema. "Alishona hapa hapa. Uhodari wake ulifaidi kila mtu isipokuwa yeye."

"Samahani, sikuelewa."

"Utaelewa. Unataka kujua kama zile kola nilizishona? Nilizishona."

Dirishani, Spana alifumba macho.

"Umesikia, mwakilishi?" Meneja alimwambia Shangazi.

"Sijamaliza, Meneja. Kola zile tulizitoa watu wawili. Mimi nilishona, mtu mwingine alikuwa pembeni yangu. Alifungua vifurushi, akapanga vipande, akakata nyuzi. Mimi sikuinuka kwenye kiti. Ukitaka kila mmoja wetu afikie kipimo kile, mpe kila mmoja mtu wa kumsaidia, nasi tutakifikia huku tunacheka."

"Mtu gani huyo?"

Umeme hakutaja jina. Hakumtazama Spana. Aliangalia glasi yake ya maji, na moyoni akaomba: Sema. Sema wewe mwenyewe, nisije nikakusema.

Feni ilizunguka. Meneja alianza kutabasamu.

"Naona basi mtu mwenyewe hayupo. Mpimaji, wewe ndiye ulikuwepo. Kulikuwa na mtu wa pili?"

Spana alisogea karibu na meza. Aliigusa kalamu mfukoni kama anayehakikisha bado ipo. Halafu akaitoa, akaiweka juu ya meza.

"Kulikuwa naye," alisema. "Nilikuwa mimi. Kipimo kile si cha mtu mmoja, Meneja. Wala si cha siku ya kazi."

"Unajua unachokisema?"

"Najua. Nilijua tangu siku ile."

"Basi ovaroli yako ukaitafute kwingine. Hapa huna kazi."

*

Ofisi haikusalimu amri siku hiyo. Ilisema itatafakari, na kutafakari kwa ofisi ni kusubiri watu wachoke. Shangazi alizunguka laini hadi laini. Wafanyakazi wakapiga kura ya mgomo, mikono ikainuka mpaka ya waliokuwa wakijificha vyooni siku za mikutano. Mgomo haukufika. Wateja walikuwa wanasubiri mashati, na Meneja alijua kuhesabu. Kipimo kikapimwa upya, laini ikiwa kazini, chama kikiwa pembeni, kila mtu akijifungulia kifurushi chake. Nyongeza ikatoka kwa wote.

Haikuwatajirisha. Lakini mtoto wa yule mama wa pindo alionekana na daktari. Redio alimrudisha binti yake shuleni, akatangaza habari hiyo mpaka binti akaona haya. Hata muuza viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kushika sindano, alisema siku hizi watu hawamwombi tena awakopeshe viatu, wananunua.

Siku moja saa ya chai, Shangazi aligonga kikombe kwa kijiko.

"Kuna jambo la fundi wetu. Kafukuzwa. Nataka chama kidai arudishwe."

"Nani? Spana?" Redio alitema chai. "Shangazi, yule kikulacho! Aende akapime mawimbi!"

"Alituuza," mwingine akadakia.

"Alituuza, ndiyo. Kisha akaturudisha mwenyewe, kwa gharama yake. Hakufukuzwa kwa kutuuza, Redio. Angetuuza vizuri angepewa kiti cha kuzunguka. Kafukuzwa kwa kusema kweli mbele ya chama. Tukinyamaza, kesho nani atasema kweli?"

"Mbona kadi ya chama aliirudisha alipopata shati jeupe?"

"Basi atakata nyingine, na wa kwanza kwenye foleni ya kumsimanga nitakuwa mimi. Lakini kazini arudi." Akawageukia wote. "Na hamjamwomba huyu mtoto radhi kwa lile gauni. Mimi sijasahau."

Umeme alisikia machozi yanapanda, akayameza na chai.

*

Spana alirudishwa kwenye ufundi, mshahara mdogo, ovaroli ile ile. Siku aliyorudi, jioni, alibisha mlangoni kwa Shangazi.

"Hodi."

"Karibu. Umekuja kwa heri au kwa shari?"

"Nimekuja kwa aibu, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Aibu nayo ni mgeni. Keti."

Shangazi akakumbuka ghafla kwamba ana chumvi ya kwenda kuazima kwa jirani. Wakabaki wawili. Spana aliweka kopo la nati mkekani.

"Umelileta la nini?"

"Pete yako imo humo."

"Mbona hukuitoa?"

"Si mimi niliyeitia."

Umeme hakulisogelea kopo. Taa ilimulika vidole vya Spana, na mafuta yalikuwa yamerudi kwenye kucha.

"Nataka ujue kitu," Spana alisema. "Siku ya kikao nilikuwa nimejiandaa kukana. Ungenitaja jina, ningesema unanisingizia kwa sababu ya ugomvi wetu. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno. Wewe ukasema 'mtu mwingine', ukanyamaza. Ukaniachia nafasi. Nikaona aibu kuikalia kimya."

"Kwa nini unaniambia? Ungeniacha niamini ulikuwa shujaa."

"Ushujaa wa uongo nimeshauvaa. Ulikuwa mweupe, unachafuka haraka."

Umeme alitaka kucheka, hakucheka.

"Sijui kama nimekusamehe."

"Sikuja kuchukua jibu. Nimekuja kuleta kopo."

Akaaga, akaondoka. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa imeshapangwa na watu wengine.

Kopo lilikaa dirishani, Umeme akalipita kila asubuhi kama mtu anayempita mdai. Kazini alimtazama Spana bila kutaka. Alimwona akikata kadi mpya ya chama na kusimangwa na Redio mbele ya watu bila kujibu neno. Alimwona amelala chali chini ya mashine ya Shangazi wakati wengine wanakula, akilegeza springi ya pedali ili isihitaji nguvu. Hakuna aliyemtuma. Alipotoka chini, alifuta pedali kwa kitambaa, akaenda zake. Shangazi alipokanyaga mchana huo, alisita, akakanyaga tena, akaangalia huku na huko.

"Huyu punda wangu leo kalishwa nini?" akauliza.

Jioni hiyo Umeme alilimwaga kopo mkekani, akatafuta pete kati ya nati, akaiosha grisi kwa sabuni ya kufulia.

Kesho yake saa ya chai aliliweka furushi jeupe katikati ya meza. Hakusema kitu. Vikombe vikasimama hewani. Redio alimtazama, akaitazama pete kidoleni, akalivuta furushi.

"Lete huo mkono wa gauni, bwana," alisema, sauti imekwaruza. "Sisi tumeshakuwa wajinga vya kutosha mwaka huu."

Vipande vikaanza kupita tena.

Siku ya mwisho ikabaki shingo tu. Shingo ni kazi ya mshona kola, na mshona kola ndiye bibi harusi, naye hagusi sindano. Shangazi akaivuta kwake.

"Hii ni yangu. Na ni ya mkono, si ya mashine."

"Shangazi, vidole..."

"Vidole ni vyangu pia."

Aliita kwa kichwa, na Spana, aliyekuwa akizungukazunguka karibu na mlango kama paka aliyemwaga maziwa, akaja akaketi ubavuni pake. Akamtungia uzi sindanoni. Akamshikia kitambaa.

"Wewe fundi," Redio alimwita. "Simu yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, dada."

"Ahaa. Maana leo tukipimwa hapa, tumekwisha!"

Meza nzima ikaangua kicheko, Spana naye, mpaka masikio yakamwiva. Shangazi hakucheka. Alichoma sindano, akavuta uzi, akapumzisha mkono, akachoma tena. Mshono ulikwenda polepole kuliko kitu chochote kilichowahi kushonwa kwenye laini ile. Umeme alitazama, na mikono yake ikaanza kuchezacheza yenyewe, inataka kumpokea Shangazi kazi, iimalize kufumba na kufumbua.

Akaikalia mikono yake.